Maswali yenu kuhusu sheria: mwizi wa mtaani, nyumba ya ndoa na shamba la ukoo

Maswali mliyotuma safari hii yanatoka pande tofauti, lakini karibu yote yanauliza kitu kimoja: sheria inamsaidia nani hasa? Nimechukua matano. Nimejibu kwa sheria za Tanzania Bara, kwa kuwa wote walioandika wako huku.

Mtaani kwetu tukikamata mwizi tunampeleka kituoni, baada ya siku mbili tunamwona yupo kijiweni. Si bora tumalizane naye wenyewe? (Kijana, Mbagala)

Ndugu yangu, hasira yako naielewa. Aliyeibiwa bodaboda ya mkopo ameibiwa riziki ya nyumba nzima. Lakini angalia mambo yanavyokwenda. Mtu mmoja anapiga yowe la "mwizi!", watu wanatoka na magongo, tairi linatafutwa, na kesho yake tunasoma kwamba fulani ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Katika dakika hizo hakuna aliyeuliza kimeibwa nini, na nani kaona. Mtu anayekwepa deni anaweza kumpigia yowe hilo yule anayemdai. Mgeni aliyepotea njia usiku anaweza kupigiwa. Na kila aliyerusha jiwe amejiingiza katika kesi ya mauaji, ambayo haina dhamana.

Huyo uliyemwona kijiweni huenda yupo nje kwa dhamana. Kupewa dhamana hakufuti kesi: wadhamini wapo, tarehe ipo, na asipofika mahakamani anatafutwa akamatwe. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. Ndiyo, mwizi halisi naye anajificha humo kwa muda. Wewe pia utaihitaji ibara hiyo siku utakayosingiziwa.

Linaloniuma mimi ni mashahidi. Siku ya kukamata tulikuwa umati. Siku ya kesi anafika mlalamikaji peke yake, au naye hafiki kwa kuwa ameshalipwa simu yake kimyakimya. Hakimu hawezi kumfunga mtu kwa fununu. Andika maelezo kituoni, chukua namba ya RB (kumbukumbu ya taarifa yako polisi), na ukiitwa kutoa ushahidi nenda, hata kama ni siku ya kazi. Na kama mtuhumiwa aliachiwa kwa sababu mtu alikula chai, hiyo ni rushwa, ipeleke TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa.

Shikamoo. Nimeolewa miaka kumi na tisa na sijawahi kuajiriwa. Sasa mume wangu ana mwanamke mwingine, anataka niondoke na nguo zangu tu kwa kuwa kila tofali la nyumba amenunua yeye. Sheria inanitambua? (Mama wa watoto wanne, Kahama)

Marahaba, mwanangu. Inakutambua, tena kwa uwazi.

Hoja ya mumeo ilishafika Mahakama ya Rufani katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ya mwaka 1983. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama, inapogawa mali ya wanandoa, izingatie mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi. Ubishi ulikuwa hapo kwenye kazi: kupika, kufua, kulea watoto na kuitunza nyumba vinaingia? Mahakama, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikasema vinaingia. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichodai, kwani ilionekana mumewe alishampa fedha za biashara na fungu lake limeishia huko. Lakini wanawake waliokuja mahakamani baada yake wamesimama juu ya hukumu yake hadi leo.

Kwa hiyo usifungashe. Nyumba mnayoishi kama mume na mke haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa yako. Ukiona ndoa imefika mwisho, anzia baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata au la dini yako. Likishindwa kuwapatanisha litakupa hati ya kusema hivyo, na hati hiyo ndiyo utakayofungulia shauri la talaka na mgawanyo wa mali. Usitegemee kwamba lazima iwe nusu kwa nusu, maana mahakama hupima ushahidi. Kusanya risiti, picha na majirani. Yule fundi aliyekuwa akila chakula chako wakati akipandisha ukuta ni shahidi mzuri kuliko unavyodhani.

Kwa wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa: kifungu cha 160 cha Sheria hiyo ya Ndoa kinawadhania kuwa wameoana wakishatimiza miaka miwili na kutambulika hivyo na jamii. Dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani, ila msikubali kuambiwa hamna haki yoyote.

Mila zetu haziruhusu mwanamke kuuza shamba la ukoo. Serikali inaingiaje katika mambo ya ukoo? (Mzee, Muleba)

Shikamoo, mzee wangu. Mfano mzuri umetoka hukohuko Kagera. Holaria Pastory alirithi shamba kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, na ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani akidai kwamba mila ya Wahaya haimruhusu. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akakataa. Haki za binadamu zilishaingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na mila inayombagua mtu kwa jinsia yake haiwezi kusimama mbele yake.

Lakini jaji hakuufuta ukoo. Aliiacha njia ya kulikomboa shamba kwa kurudisha bei iliyolipwa. Mila ya kukomboa ilibaki, kilichoondoka ni ubaguzi. Nadhani huo ni uamuzi ambao hata wazee wangeukalia kikao wakaukubali.

Sheria yenyewe ikiwa mbaya, bado tuitii? (Mwanafunzi wa kidato cha tano, Iringa)

Itii, huku ukiipinga kwa njia zilizopo. Ibara ya 26(2) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuitetea Katiba. Sheria ileile ya Ndoa inayomlinda mama wa Kahama iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama, wakati mvulana, bila kibali hicho, alisubiri hadi 18. Mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, aliipeleka mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa mwaka 2019. Mwaka mwingine ukapita bila marekebisho.

Hapo ndipo penye uchungu. Hukumu haijitekelezi. Bunge lisiposukumwa na wapiga kura, mtoto wa darasa la saba anaendelea kutolewa mahari.

Nikivunja sheria ambayo sikuijua, nitasamehewa? (Mfanyabiashara ndogondogo, Morogoro)

Hapana. Kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kutojua sheria si utetezi. Kwa miaka mingi jambo hilo lilikuwa gumu kulitetea, maana mtu alihukumiwa kwa sheria iliyoandikwa kwa Kiingereza asichokisoma. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya utoaji haki, na kazi ya kuzitafsiri sheria ndiyo inayopaswa kuharakishwa.

Wakati huo huo tumia wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ulizia ofisi ya mtendaji wa kata au Ustawi wa Jamii wakuelekeze. Huduma yao ni bure. Anayekudai hela ya ushauri, mpeleke kwa msajili wa msaada wa kisheria.