Gharama ya muziki wa mtandaoni: anza na bando, ada ya mwezi baadaye

Mkuu, umeuliza uhamie programu gani iliyo nafuu, kwa sababu unalipia Spotify ya mtu mmoja, unasikiliza masaa matatu kwa siku kwenye daladala na kazini, na bando la wiki linakata kabla ya wiki kwisha. Usihame kwanza. Hapo bando linakula hela nyingi kuliko ada, na programu yoyote utakayohamia italila vilevile kama utaendelea kusikiliza moja kwa moja kutoka mtandaoni.

Tupige hesabu. Ubora wa sauti hupimwa kwa kbps, yaani kiasi cha data kwa kila sekunde. Ubora wa 320 kbps unakula MB 144 kwa saa. Masaa matatu kila siku ni masaa 90 kwa mwezi, kwa hiyo karibu GB 13. Kwa 160 kbps ni MB 72 kwa saa, GB 6.5 hivi kwa mwezi. Kwa 96 kbps ni MB 43 kwa saa, haifiki GB 4. Ndani ya daladala yenye honi na konda anayeita abiria, sikio halitofautishi 320 na 160. Wengi hawajui wako kwenye ubora upi kwa sababu wameuacha ujichague wenyewe, na ukikutana na 4G nzuri unapanda bila kukuuliza.

Ila hata hiyo GB 4 huihitaji. Wimbo wa dakika nne kwa 160 kbps ni MB 4.8. Pakua nyimbo 300 mara moja: GB 1.4 tu, na una masaa 20 ya muziki ambao ukiurudia hauli chochote. Ndiyo maana ya kulipia Premium (Spotify ya kulipia), na anayelipia bila kupakua analipa mara mbili.

Fanya hivi. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya ubora wa sauti, uweke ubora wa kupakua kwenye High, ambayo ndiyo 160, na wa data ya simu kwenye kiwango cha chini. Zima ruhusa ya kupakua kwa data ya simu. Zima zile video fupi zinazojirudia wimbo ukipiga, pia zima uchezaji unaoendelea na nyimbo nyingine orodha yako ikiisha, maana hizo za nyongeza zinatoka mtandaoni hata kama orodha yako yote umeipakua. Kisha kabla ya kutoka nyumbani, washa hali ya nje ya mtandao. Hili la mwisho watu hulipuuza, na ndilo linalofunga bomba kabisa.

Kama huna Wi-Fi, tumia bando la usiku (hapo urudishe kwa muda ile ruhusa ya data ya simu). Ukiwa na Tecno, Infinix au itel, jihadhari: simu hizi huua programu skrini ikizimika ili kuokoa chaji, unaamka asubuhi unakuta nyimbo 20 badala ya 300 na bando limeisha muda. Nenda kwenye mipangilio ya betri, iruhusu Spotify ifanye kazi bila kizuizi, na simu uichomeke chaji.

Nyimbo zilizopakuliwa hupotea kwa sababu zinazojulikana. Usipoingia mtandaoni walau mara moja ndani ya siku 30, zinafungwa. Dakika moja ya data inatosha. Ukifungua akaunti kwenye kifaa cha sita na kupakua, kifaa kimojawapo kinafutiwa, maana kikomo ni vifaa 5. Na ukibonyeza kufuta data ya programu badala ya kufuta kache, umefuta zote.

Sasa ada. Akaunti ya familia inachukua watu 6, kila mmoja na orodha zake. Tuseme ya mtu mmoja ni 300 na ya familia ni 500: mkiwa wanne tu, kila mmoja anatoa 125. Sharti ni kuishi anwani moja, na lina meno. Anayelipia awatumie wenzake anwani vilevile alivyoiandika yeye, herufi kwa herufi, kwa sababu kila mtu akiandika kivyake, mfumo unaweza kuwakataa. Usijiunge ovyo na familia ya kuuziwa mtandaoni: mtu huruhusiwa kubadili familia mara moja tu kwa miezi 12, kwa hiyo ukitolewa umekwama mwaka mzima. Mkiwa wawili, ipo ya wawili, nayo inadai anwani moja.

Kulipia, unaweza kutumia kadi ya mtandaoni ya M-Pesa. Lakini hela iwepo siku ya kukatwa ikifika. Premium ikikatika nyimbo zinafungwa, na unaweza kulazimika kupakua upya ile GB 1.4.

Ukijaribu Apple Music kwa muda wa bure, kumbuka kusitisha walau saa 24 kabla haujaisha, ila usisitishe siku ya kwanza, kwani huduma hukatika palepale. Na zima ubora usiopunguzwa (Lossless): kwa takwimu za Apple wenyewe, wimbo wa dakika tatu unaokula MB 6 kawaida unafika MB 36. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Sitisha kwenye akaunti ya App Store, Google Play au tovuti, pale pale ulipolipia.

Programu za Premium zilizochakachuliwa ziache kabisa. Unaikabidhi nywila yako kwa mtu usiyemjua. Kama ada haiwezekani mwezi huu, tovuti ya muziki ya Mdundo inatoa MP3 za bure kihalali, na wimbo unabaki kwenye simu hata usipolipa chochote.