Uliza kinakutana lini

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: ndugu yako anataka kuacha pombe na anatafuta wenzake wa kukutana nao, utamwelekeza wapi? Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na kaka yangu ni mvuvi aliyeacha pombe. Swali limenigusa, nami nina neno moja la kusema: usiulize tu kikundi kiko wapi, uliza kinakutana lini.

Wasiotoka ziwani niwaeleze. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina nguvu ya kuwavuta, basi mitumbwi hupandishwa mchangani, watu hugawana mgao, na siku zinazofuata ndizo siku za kilabuni. Kaka yangu giza zima aliweza kujizuia. Mwezi ukiingia, hela mkononi na kazi hakuna, alikuwa analala na kuamka na gongo. Kikundi alichoelekezwa mwanzoni kilikutana mjini kila Jumatano jioni. Watu wema kabisa, ila kwenye giza saa hizo mvuvi anapakia nyavu. Akahudhuria, akakosa, akahudhuria, akakosa, na majirani wakasema hana nia. Nilikataa kauli hiyo na mpaka leo naikataa. Nia alikuwa nayo, ratiba ndiyo iliyokuwa ya watu wa ofisini.

Kabla ya kikundi kuna hospitali, na hapa naomba msomaji asiruke. Mtu anayekunywa kila siku, ambaye asubuhi mikono inatetemeka mpaka azimue, asifungiwe ndani na kuambiwa aache leo hii. Anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na kufika siku ya tatu hivi akachanganyikiwa, akaona visivyokuwepo. Hali hiyo inaua. Huku kwetu ndipo wengi husema karogwa, wakampeleka kwa mganga, na muda ukapotea. Hospitalini zipo dawa za kumtuliza, na hupewa pia vitamini B1, ambayo pombe huimaliza mwilini. Bugando, ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, ina idara ya afya ya akili. Ukifika sehemu kama hiyo, uliza hapo hapo habari za kikundi, kwa sababu vikundi hivi havibandiki mabango, na wahudumu mara nyingi ndio wanaojua nani anakutana wapi. Viongozi wa dini pia waulizwe, maana vyumba vinavyotumika mara nyingi ni vyao.

Mtu akikutajia kliniki ya methadone, hiyo ni ya walionaswa na heroini, haitibu ulevi. Nyumba za upataji nafuu ni jambo jingine tena: mtu anakaa huko miezi, na kwa kawaida kuna malipo.

Mkutano ni bure. Alcoholics Anonymous, au A.A., jumuiya ya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ilianza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, baada ya dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, wote wawili walevi, kugundua kwamba wakizungumza wao kwa wao kiu inapungua. Sharti la kujiunga ni moja tu, kutaka kuacha kunywa. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba kwa taratibu zao walevi wawili au watatu wakikutana kwa nia hiyo, hicho tayari ni kikundi. Maana yake mwalo wowote, yaani ufuko wa mitumbwi ya wavuvi, uwe Igombe au kule Ukerewe, hauhitaji kusubiri mtu atoke mjini.

Kaka yangu alianza na fundi mmoja wa injini za mitumbwi. Wakaomba darasa la chekechea, wakawa wanakaa jioni za mwezi, saa ile ile ambayo zamani wangekuwa kilabuni. Wakaongezeka. Siku waliyoruhusu ndugu kuingia nami nilikwenda. Wanaume wazima wamekalia vibenchi vya watoto, magoti yamefika kifuani, chupa ya chai iko sakafuni. Mmoja anasema, "Mimi ni mlevi, leo sijanywa," kisha anaeleza wiki yake. Hakuna anayemkatiza, hakuna anayemshauri. Mzee mmoja alinyamaza muda mrefu katikati ya maneno yake, na wote wakamngoja. Sijawahi kuona wavuvi wakimngoja mtu hivyo.

Walioko visiwani wakati wa giza hupigiwa simu asubuhi, dagaa wakishaanikwa. Mwenye bando na Kiingereza anaweza pia kuingia mikutano ya A.A. ya mtandaoni, ipo saa zote. Na sisi ndugu tunacho chetu, Al-Anon, kilichoanza mwaka 1951 kwa ajili ya familia za walevi. Wifi yangu na mimi tunatafuta wanawake wa Kirumba na Pasiansi wa kuanza nao.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye madarasa, kumbi na vyumba vya ibada kando ya ziwa. Mkiombwa chumba, msiwape Jumatano ya kila wiki. Waulizeni mwezi unaingia lini, muwape siku hizo.