Simu mpya, chaji haikai

SWALI: Habari za kazi. Nimenunua simu mpya juzi juzi tu, naichaji usiku mpaka 100% lakini mchana haufiki jioni imeshazima, na inapata moto hata nisipoigusa. Niirudishe?

JIBU: Salama ndugu msomaji, pole sana. Usiirudishe kwanza, maana simu mpya siku za mwanzo inakuwa na kazi nyingi za chini kwa chini, inashusha programu zako, inasasisha mfumo, inapanga mapicha yote uliyohamisha toka simu ya zamani, na hayo yote yanakula chaji hata kioo kikiwa kimezima. Iache usiku kwenye waifai na chaja imalizie, uiangalie siku chache.

Ikiendelea ndo uingie kwenye mipangilio, sehemu ya betri, utaona kila programu imekula asilimia ngapi. Ukikuta moja usiyoitumia kabisa iko juu, izuie isifanye kazi kwa nyuma au ifute. Cheki na mtandao pia, kama ulipo 5G inakuja na kupotea simu inahangaika kuitafuta, weka 4G tu. Kioo kama ni cha 120 Hz, yaani picha inajibadilisha mara 120 kwa sekunde, kishushe 60, na mwanga upunguze. Ila zile programu zinazodai kuokoa betri achana nazo kabisa, nyingi zinaongeza mzigo tu.

Bado? Hapo irudishe waranti ikiwa hai. Na ukiona mgongo wa simu umevimba usiichaji tena hata mara moja, betri hiyo inaweza kushika moto.