Kwa nini wachangiaji wa mara ya kwanza hawarudi

Umesema makumbusho yenu yalipata wachangiaji wengi kwenye kampeni ya mwaka jana, lakini safari hii karibu wote wamenyamaza. Mara nyingi tatizo si ombi la pili, ni ukimya wa katikati. Mtu alitoa, akapata risiti, kisha hakusikia neno hadi mlipohitaji pesa tena.

Shukrani itoke ndani ya saa 48, ikiwa na jina lake, kiasi alichotoa na kazi moja inayoonekana: "kabati la kioo la kutunzia hati za kale", si "kuendeleza utamaduni". Risiti ni ya mhasibu. Haitoshi kuwa ahsante. Baada ya miezi miwili au mitatu mtumieni picha ya kabati lenyewe, bila kuomba chochote. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanabandika namba ya akaunti chini ya picha, na habari njema inageuka bili. Ombi lije baadaye, likitaja mchango wake wa kwanza.

Wanaotoa kidogo msiwaruke kabisa. Mwaka 1885 gazeti la Joseph Pulitzer, New York World, lilichangisha zaidi ya dola 100,000 za kujengea kitako cha Sanamu ya Uhuru. Wengi walitoa chini ya dola moja, na gazeti likachapisha majina yao.

Kama daftari lenu halina namba ya simu na tarehe ya kila mchango, anzeni na hilo.