Ruta kuukuu, leseni na mapenzi ya kampuni

Ndugu uliyeuliza kama kampuni inayojitangaza kuwa inapenda programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzisoma, kuzibadilisha na kuzisambaza, ni ya kuaminiwa, na kama ruta yako, kile kiboksi cha kugawa intaneti nyumbani, isiyopata tena masasisho ni ya kutupwa, nitakujibu yote mawili kwa pamoja, kwani kwangu mimi ni swali moja.

Mapenzi ya kampuni usiyatie kwenye hesabu. Mwaka 2001 Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft, aliifananisha Linux, mfumo endeshi ulio huria, na saratani. Mwaka 2018 kampuni hiyohiyo iliinunua GitHub, ambako miradi mingi ya programu huria huhifadhiwa, kwa dola bilioni 7.5. Sidhani kama kuna aliyetubu hapo katikati. Hesabu za biashara ndizo zilizogeuka, na zikigeuka tena nisingependa ruta yangu itegemee hisia za mtu.

Cha kutegemea ni leseni. Kampuni ya Linksys ilipoanza kuuza ruta yake ya WRT54G mwishoni mwa 2002, wadadisi waligundua kwamba ndani yake mna Linux, ambayo leseni yake ya GPL humtaka anayeisambaza atoe na msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe. Msimbo ukatolewa mwaka 2003, wakati Linksys imekwisha kununuliwa na Cisco, na mwaka 2004 mradi wa OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea ruta, ukaanza kutokana nao. Toleo la tano la ruta hiyo liliachana na Linux na kupunguziwa kumbukumbu kwa nusu, kisha ikaletwa WRT54GL kwa ajili ya waliotaka Linux yao. Yaani kile kilichotolewa kwa kubanwa na leseni kikageuka kuwa sifa ya kuuzia bidhaa. Kila nikikumbuka hilo hucheka.

Ruta yangu mwenyewe ilitelekezwa na mtengenezaji ikiwa bado nzima, nami nikaitia OpenWrt. Kabla ya hapo, mtu mmoja nyumbani akianza kupakia video, simu yangu ya mtandaoni ilikatakata, kwa sababu data ilirundikana kwenye foleni ndefu ndani ya modemu. Niliweka SQM, zana ya OpenWrt ya kusimamia foleni za data, na kuwekea upakiaji kikomo kilicho chini kidogo ya kasi halisi ya laini, foleni ikahamia kwenye ruta, ambako CAKE, kanuni ya kupanga foleni inayotumiwa na SQM, huigawa kwa haki. Kasi iliyopimwa ilishuka kidogo, lakini mazungumzo hayakatiki tena.

Kwa hiyo usiitupe kabla ya kugeuza boksi na kusoma namba ya toleo kwenye kibandiko, maana jina moja la biashara linaweza kuficha chipu tofauti kabisa, kisha uitafute kwenye orodha ya vifaa ya OpenWrt. Yenye MB 4 za hifadhi na MB 32 za RAM imeshachoka. Ukinunua nyingine, anzia MB 16 za hifadhi na MB 128 za RAM.

Ila usitarajie programu yoyote, huria au ya kulipia, iyapenyeze mawimbi ya Wi-Fi kwenye ukuta wa zege. Na kwenye masafa ya Wi-Fi ya GHz 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11: anayejificha kwenye chaneli 3 akidhani amewakwepa majirani huishia kugongana na wa chaneli 1 na wa chaneli 6 kwa mpigo.