Kukagua boti nyembamba kabla ya kuinunua

Ndugu yangu, umeuliza ukague nini kabla ya kununua boti nyembamba iliyokwishatumika kwenye mifereji ya Uingereza, ambayo unakusudia kuikarabati mwenyewe. Kwa maoni yangu, anza na chuma kilicho chini ya maji, kwa sababu jiko na vitanda utavibadilisha kidogo kidogo, lakini chuma kilicholika kinaweza kumaliza fedha zako zote. Boti nyingi za kisasa huundwa kwa bamba la milimita 10 chini, 6 ubavuni na 4 kwenye kuta za chumba. Kwa hiyo usikamilishe malipo kabla boti haijapandishwa nchi kavu na mkaguzi uliyemtafuta wewe, si wa muuzaji, kupima unene wake, hasa kwenye mstari wa maji, ambako kutu huchimba vishimo vinavyojificha chini ya rangi nyeusi. Kampuni nyingi za bima husita unene ukishuka chini ya milimita 4. Ukiona bamba jipya limechomelewa juu ya la zamani, dai maelezo ya maandishi.

Ndani, funua ubao wa sakafu karibu na tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, upapase kwa mkono. Maji yakiwapo, chanzo chake lazima kijulikane. Injini iwashwe mbele yako ikiwa bado baridi. Tazama pia cheti cha usalama, ambacho hudumu miaka 4 na hugusa gesi, mafuta na umeme, kwani bila hicho Canal & River Trust, shirika linalosimamia mifereji mingi ya huko, halitakupa leseni ya boti.