Nauza viazi karai, SHA inanidai 1,030 kwa mwezi: hesabu hii imetoka wapi?

SWALI: Nauza viazi karai Majengo, Mombasa, na nimepanga vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili, mimi na wanangu watatu. Enzi za NHIF, bima ya afya ya zamani, nilikuwa nalipa shilingi 500 kwa mwezi. Sasa SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi yake, inanidai 1,030, tena ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mwezi ukiwa mzuri napata 15,000. Je, naweza kurekebishiwa?

JIBU: Ndiyo dada, inaweza kurekebishwa, lakini kwanza ujue kosa linaingilia wapi.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, kiwango cha mchango wa SHA ni asilimia 2.75 ya mapato, na hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Aliyeajiriwa hukatwa kwenye mshahara. Wewe unayejiajiri huna hati ya mshahara, kwa hiyo mfumo unakukadiria. Ukigawanya 1,030 kwa 0.0275 unapata kama 37,450. Hayo ndiyo mapato ambayo kompyuta inaamini unayo kila mwezi. Kwa 15,000 unazotaja, mchango ungekuwa shilingi 412 na senti 50.

Makadirio hayo hayatokani na mauzo yako. Yanatokana na maswali kuhusu nyumba, huduma mnazopata na watu wa kaya: ukuta na paa ni vya nini, sakafu ikoje, maji yanatoka wapi, choo ni cha aina gani, mnapikia nini, mko wangapi. Hapa ndipo wapangaji wengi wa Mombasa huumia. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua na choo cha pamoja nyuma. Mpangaji akiulizwa ana vyumba vingapi, anahesabu vyote sita vya nyumba nzima badala ya vyake. Akiulizwa kuhusu choo, anasahau kusema kwamba wanakitumia wote. Na mara nyingi fomu imejazwa na mtu mwingine kwa haraka, mwenye simu hata hakusomewa maswali.

Kaya ni wale mnaokula chungu kimoja, chini ya mkuu mmoja. Mwenye nyumba anayekaa chumba cha mbele hayumo, wala friji yake haimo. Wanao watatu wamo, na wakiachwa nje, kaya inaonekana ya mtu mmoja anayejitosheleza. Mtoto huhesabiwa tegemezi hadi miaka 21, au hadi 25 akiwa bado anasoma muda wote na hana kipato chake.

Kwa hiyo piga *147# kwenye simu au ingia Afya Yangu, tovuti ya kujisajili SHA, utazame majibu yako moja moja kabla ya kulipa chochote. Hakikisha umewekwa kama aliyejiajiri. Kama uliwahi kuajiriwa na bado umeorodheshwa chini ya mwajiri, hilo lirekebishwe kwanza. Palipokosewa, ukishindwa kubadilisha mwenyewe, nenda ofisi ya SHA au Huduma Centre (kituo cha huduma za serikali) na kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na simu yenye laini uliyojiandikishia, kwa sababu namba ya uthibitisho inatumwa huko. Mwambie karani asome kila swali kwa sauti, nawe ujibu ukweli. Usipunguze ulicho nacho: kutoa taarifa za uongo ni kosa kisheria.

Nisikudanganye pia: majibu yakishakuwa sahihi, kiwango kinaweza kushuka bila kufika 412, maana kompyuta bado inakadiria. Na hakitashuka chini ya 300, yaani 3,600 kwa mwaka.

Kuhusu mkupuo, naona kumdai mtu wa kipato cha kila siku fedha za mwaka mzima ni kumbana. Kwa sasa kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unaokuwezesha kugawa mchango huo kwa awamu. Jiunge nao baada ya kusahihisha majibu, la sivyo utakuwa unagawa 12,360 ambazo huenda hudaiwi.

Wakati unashughulikia haya, mtoto akipata homa usikae naye nyumbani. Aliyejiandikisha hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3 vilivyo na mkataba na SHA, hata kama mchango haujalipwa. Kulazwa Hospitali Kuu ya Pwani ndiko kunakohitaji mchango uwe umelipwa.